Ujamaa wa jina na ujamaa wa sera



Ibara ya 3 ya Katiba bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa. Lakini mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliwaruhusu viongozi wa chama tawala, CCM, kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo yaliyokatazwa na Azimio la Arusha la 1967. Kwa hiyo anayeisifu au kuilaani serikali kwa "ujamaa" wake anapigana na kivuli. Wapo watakaosema jina hilo ni dira, si maelezo ya hali ilivyo. Sawa, ila dira isiyoongoza sera haimsaidii mpiga kura. Kwa mfano, mwaka 2015 mgombea urais wa Chadema, chama kinachohesabiwa kuwa cha mrengo wa kulia, aliahidi elimu bure hadi chuo kikuu. Ahadi ya CCM, wajamaa wenyewe, iliishia kidato cha nne.

Msomaji, Dodoma