Ushauri mwepesi si ushauri duni

MKULIMA wa Ngara au Biharamulo anapoona majani ya mgomba yamekuwa manjano na kunyauka, na ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, hutarajia kutajiwa dawa ya dukani. Akiambiwa atumie kijiti chenye panda na panga lililopitishwa motoni, huona amedharauliwa. Wapo pia wasomi wanaoona kuwa ushauri wa namna hiyo haustahili kuitwa sayansi. Pande zote mbili zinakosea.

Mnyauko wa migomba, ambao wengi huuita unyanjano, husababishwa na bakteria na hauna dawa ya kuutibu. Uganda iliubaini mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umethibitishwa mkoani Kagera. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na visu na mapanga, pamoja na miche inayotoka katika mashamba yenye ugonjwa.

Mwanzoni wakulima walielekezwa kung'oa shina zima, mama pamoja na watoto wake, hata kama ni mgomba mmoja tu uliougua. Maelekezo hayo yalikuwa na mantiki, lakini gharama yake ni kubwa. Kung'oa shina kwa jembe la mkono ni kazi nzito, na kaya hubaki bila ndizi za kula na za kuuza kwa muda mrefu. Si ajabu wengi waliacha njiani.

Watafiti waliofanya majaribio Uganda na mashariki mwa Kongo walirudi kwenye swali la msingi: je, bakteria huingia katika kila chipukizi la shina? Ilionekana kwamba sivyo. Mengi hubaki mazima. Hapo ndipo ulipopatikana ushauri mwepesi: kata usawa wa ardhi mgomba unaoonyesha dalili tu, na urudie kila dalili zinapotokea. Choma panga kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara kichana cha mwisho kinapotokeza.

Sentensi hizo chache zimebeba kazi ya miaka mingi ya shambani na maabara. Wepesi huo ulipatikana mwishoni mwa utafiti, baada ya ugumu kueleweka. Mtaalamu anayeandika ripoti nene isiyoweza kutekelezwa na mwenye nusu eka hajamaliza kazi yake.

Hata hivyo, wepesi usichukuliwe kuwa ni kazi ya siku moja. Anayekata leo akasahau kukagua shamba wiki zinazofuata, au akaazima panga la jirani bila kulichoma, atauona ugonjwa tena. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, ambako ugonjwa huo pia upo, hivyo miche inayovuka mpaka bila kukaguliwa inaweza kuharibu jitihada za kijiji kizima.

Kwa hiyo, halmashauri zinapopanga bajeti, zisidhani kuwa ushauri mwepesi hauhitaji fedha. Bwana shamba anahitaji usafiri na muda wa kurudi shambani, na kumweleza mkulima kwa nini kijiti ni bora kuliko kisu. Mkulima aliyeelewa sababu hataona kuwa amedharauliwa, na hataacha kazi katikati.