Njozi ya Ulimwengu Bora katika Maigizo ya Tiba

Baadhi ya wahakiki wa sanaa za maonyesho huichukulia njozi ya ulimwengu bora kuwa ni kimbilio la mtu aliyeshindwa na maisha. Rai hiyo ina ukweli kiasi, lakini hupotosha inapohamishiwa kwenye maigizo ya tiba, kwani humo njozi haiwazwi tu. Hutendwa kwa mwili, mbele ya watu.

Jacob Levy Moreno (1889–1974), daktari aliyeasisi saikodrama, alimruhusu mgonjwa kuigiza hata yale yasiyoweza kutokea kamwe, kama vile kuzungumza na mzazi aliyekwisha kufariki. Wapo wanaohofu kwamba hayo humzoesha mgonjwa uongo. Hofu hiyo ingekuwa na mashiko endapo igizo lingeishia hapo. Lakini baada ya igizo wanakikundi hueleza yaliyowagusa katika maisha yao wenyewe, na mgonjwa hurejeshwa miongoni mwa watu.

Mbrazili Augusto Boal (1931–2009) alilifikisha suala hili mbali zaidi, ingawa alianzia kwenye siasa wala si hospitalini. Katika maigizo yake ya taswira, washiriki huifinyanga miili ya wenzao mithili ya sanamu: kwanza hali ilivyo, kisha hali inayotamaniwa, na hatimaye namna ya kuvuka kutoka ile ya kwanza hadi ya pili. Akiwa uhamishoni Ulaya alikutana na watu walioonewa na upweke na utupu, si na askari wa mitaani. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaendesha warsha mjini Paris kuhusu polisi aliyemo kichwani mwa mtu.

Taswira ya pili husifiwa mno, ilhali tiba imo katika ya tatu. Hata hivyo, ya tatu haipatikani bila ya pili, na hapo ndipo waongozaji wengi hukosea: huisahihisha. Mwanamke anayepigwa na mumewe akifinyanga taswira ya mume huyo huyo akimkumbatia, mwongozaji hutamani kumwondoa mume. Akifanya hivyo, atakuwa amemtibu mtu mwingine. Mwanamke huyo aachiwe taswira yake. Pengine atakapotakiwa kuonyesha hatua zilizopo baina ya kipigo na kumbatio, atakosa pa kuweka mguu, naye mwenyewe ataibomoa na kuanza kufinyanga nyingine.