Msomaji Mpya wa Katuni za Mashujaa Aanzie Wapi? Jibu kwa Vijana wa Mbulu na Hanang

Wiki chache zilizopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Dongobesh, alinifuata ofisini baada ya kipindi. Nilidhani amekuja kulalamikia alama. Baada ya shikamoo akasimama kidogo, kisha akasema: "Daktari, sinema za hawa mashujaa nimeziona karibu zote. Sasa nataka kusoma vitabu vyenyewe vya katuni, lakini sijui nianzie wapi." Akaongeza kwamba mdogo wake aliyeko kidato cha pili nyumbani ana hamu hiyo hiyo, na kwamba baba yao amekwisha kutoa hukumu: huo ni upuuzi wa watoto wa mjini.

Nilimwomba anipe muda. Leo namjibu hadharani, kwa sababu naamini baba yake amekosea na ningependa naye asome.

Tuanze na ugumu wa swali lenyewe. Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, Batman mwaka 1939, Spider-Man mwaka 1962. Tangu hapo hadithi zao hazijakoma. Kampuni mbili kubwa za Marekani, DC na Marvel, zimetoa maelfu kwa maelfu ya matoleo, mashujaa wakifa na kufufuka, waandishi wakipokezana wahusika kama mbio za vijiti. Msomaji mpya akitazama rundo hilo hukata tamaa kabla hajafungua ukurasa. Hudhani kwamba lazima aanze toleo la kwanza la mwaka 1938 ili aelewe la mwaka huu. Hakuna aliyewahi kusoma namna hiyo. Hata waandishi wanaokabidhiwa wahusika hao hawajasoma yote. Mtaka yote hukosa yote.

Kanuni ni tatu, na si ngumu. Kwanza, tafuta hadithi moja iliyokamilika, yenye mwanzo na mwisho, iliyokusanywa katika juzuu moja. "Batman: Year One" ya Frank Miller na David Mazzucchelli, iliyotoka mwaka 1987, ni matoleo manne tu. "All-Star Superman" ya Grant Morrison na Frank Quitely ni matoleo 12, na humdai msomaji asiwe na habari yoyote zaidi ya ile ambayo kila mtoto anayo tayari. Pili, ukimpenda mwandishi mfuate yeye, usimfuate shujaa. Shujaa yule yule huweza kuandikwa vizuri mwaka huu na hovyo mwaka ujao. Tatu, na hii ndiyo iliyonifanya niandike, anzia karibu na nyumbani.

Karibu na nyumbani? Naam. Mei 1975, katika toleo maalumu la X-Men lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, alitokea mwanamke aitwaye Ororo Munroe, au Storm. Mara ya kwanza tunapomwona yuko Kenya, na watu wamemwendea kumwomba mvua. Baadaye mwandishi Chris Claremont alimpa asili: mama Mkenya, baba Mmarekani mweusi, utoto wa uyatima Cairo, kisha safari ndefu ya kuelekea kusini hadi nyanda za Serengeti. Nguvu yake ni kuamuru hali ya hewa.

Kwa kijana wa New York huyo ni mhusika wa kubuni kama wengine. Kwa kijana wa Mbulu ni jambo jingine. Wairaqw wana jina la mtaalamu wa mambo hayo, qwaslarmo. Wadatooga nao wanazo koo zilizosifika kwa mvua kwa vizazi. Bibi zetu hawangehitaji kuelezwa Ororo ni nani. Wangeuliza swali ambalo msomaji wa Marekani halifikirii: ni wa ukoo gani, na anashauriana na wazee gani? Mwenye uwezo wa mvua anayefanya apendavyo, bila kikao wala sadaka, kwao angekuwa hatari.

Nashauri basi kijana wangu wa Dongobesh aanze na toleo la 198 la "Uncanny X-Men", la Oktoba 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith. Wakati huo Ororo amenyang'anywa nguvu zake na silaha iliyofyatuliwa na mtumishi wa serikali. Anatembea kwa miguu katika Afrika Mashariki yenye ukame, hana uwezo wa kuita hata wingu moja, na anajikuta akimsaidia mwanamke mjamzito anayerudi kijijini kwao. Hakuna adui wa kupigwa ngumi. Kuna kiu, uzazi na kifo. Miezi michache baadaye, katika toleo la 201, Ororo huyo huyo asiye na nguvu yoyote anashindana na kiongozi wa kundi lake na kumshinda, naye anachukua uongozi.

Nakiri kwamba hadithi hiyo ina kasoro, na msomaji wa Hanang ataiona haraka kuliko msomaji yeyote wa Ulaya. Afrika yake ni vumbi na wazee wenye hekima wanaosubiri kufa. Haina shule ya kata, haina mnada, haina pikipiki. Ni Afrika ya mtu aliyeisoma katika habari za njaa za miaka ile. Kuiona kasoro hiyo ni sehemu ya kujifunza kusoma. Nisingependa kijana asome katuni kwa kupiga makofi tu. Nataka abishane nazo.

Na hapa namgeukia baba mzazi. Mzee wangu, katika wilaya hizi mbili kuna Kiiraqw, ambacho ni cha familia ya Kikushi. Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti. Kinyiramba, ambacho ni Kibantu. Na huko Yaeda kuna Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu. Ni sehemu chache sana duniani zenye utajiri wa namna hiyo. Lakini kwa mtoto utajiri huo una gharama. Anajifunza lugha ya nyumbani, anaingia darasa la kwanza akakutana na Kiswahili, na anapofika kidato cha kwanza anafundishwa kila kitu kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Anakariri asichokielewa. Kitabu cha katuni humpa kitu ambacho kitabu cha kiada humnyima: picha inayomwonesha maana kabla ya neno. Anaona uso uliokunjamana, anasoma neno lililo juu yake, anakisia, anapatia. Akifanya hivyo mara mia mbili amesoma kitabu kizima kwa lugha ngeni bila kuchapwa. Huo si upuuzi.

Wala katuni si kitu kigeni kwetu. Kizazi changu kilijifunza kusoma kwa hamu kupitia gazeti la Sani, kwa akina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Komredi Kipepe. Kabla ya hapo Christian Gregory alikuwa amemchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. James Gayo akatupa Kingo. Godfrey Mwampembwa, tunayemwita Gado, alitoka Tanzania akawa miongoni mwa wachoraji wanaoogopwa zaidi na wanasiasa wa Kenya. Mwaka 2010 Shujaaz ilianza Kenya kwa kugawiwa bure, ikazungumza Kisheng na vijana juu ya kazi na maisha, na baadaye ikavuka mpaka hadi kwetu. Jambo la kuzingatia ni kwamba wahusika wetu maarufu hawapai angani. Ni walaghai, maskini wajanja, watu wa kawaida wanaotafuta mlo. Tulichora tulichokijua. Shujaa mwenye nguvu za ajabu tulimwachia mgeni atuletee.

Naye alipokuja alikuja kupitia sinema. Kila aliyekulia katika vibanda vya video anaijua sheria ya kwanza: steringi hafi. Risasi zitamkwepa, jengo litaanguka akiwa ameshatoka. Ni burudani nzuri. Lakini wasiwasi wangu, na hapa nazungumza kama mwalimu wa siasa na jamii, ni kwamba tumeitoa sheria hiyo kibandani tukaipeleka uwanjani kwenye mikutano ya kampeni. Tunamtafuta steringi. Tunamsubiri mtu mmoja atakayekuja kwa helikopta, afukuze mafisadi kwa mkono mmoja, achimbe kisima kwa mkono mwingine. Asipokuja tunanung'unika, na akija hatumuulizi maswali.

Katuni bora zaidi zinauliza maswali hayo. "Watchmen" ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka kati ya 1986 na 1987, inahoji nani atawalinda watu dhidi ya walinzi wao. Black Panther, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, alipoandikwa na Ta-Nehisi Coates kuanzia mwaka 2016 alikuwa mfalme mwenye kila nguvu aliyekuta wananchi wake wamemwasi. Swali la hadithi hiyo ni kwa ridhaa ya nani anatawala. Ramani za Marvel zimewahi kuiweka Wakanda jirani na Ziwa Turkana, yaani kwa majirani zetu kabisa, ingawa katika sinema ya mwaka 2018 wakazi wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Tucheke, kisha tusome. Msomaji wa Hanang anayajua masuala ya ridhaa. Mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalimega malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani. Hakuna mtu aliyepaa kuja kuwatetea. Walikuwa na kijiji, wakili na faili.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua iliyonyesha juu ya Mlima Hanang iliubomoa ubavu wa mlima. Tope, mawe na magogo vikateremka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nguvu ya kuamuru mvua, ambayo katika katuni ni ndoto nzuri, siku ile ilikuwa sala ya kila mtu. Hakushuka mtu kutoka mawinguni. Walikuja majirani wenye majembe na sururu, wakaja askari, wakaja wauguzi, wakaja akina mama na masufuria ya uji. Mtoto wa Katesh aliyeona siku ile anajua juu ya ushujaa kuliko mwandishi yeyote wa Marekani. Anachokosa ni mtu wa kumpa kalamu na kumwambia kwamba jambo hilo linafaa kuchorwa.

Tunaye hata wa kuanza naye. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika mbio za marathoni, goti likateguka na kuchubuka vibaya. Wakimbiaji 75 walianza, 57 walimaliza. Akhwari alikuwa wa 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa moja kabla, jua limezama, uwanja karibu mtupu, ndipo akaingia yeye akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Fikirieni ukurasa huo, ndugu wasomaji. Visanduku sita, hakuna maneno: goti, barabara, giza, taa za uwanja, nyuso chache zinazogeuka, mstari. Ororo aliyenyang'anywa nguvu akaendelea kutembea na Akhwari aliyeumia akaendelea kukimbia ni ndugu. Mmoja amechorwa, na dunia nzima inamjua. Mwingine ni wetu, na nina hofu kwamba wanafunzi wengi wa sekondari katika wilaya yake mwenyewe hawawezi kueleza alifanya nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Dongobesh ni hili. Anza na Ororo, kwa sababu unaijua mvua. Nenda kwa Black Panther wa Coates, kwa sababu unaijua ardhi. Soma "Watchmen" ukishakomaa kidogo. Soma pamoja na mdogo wako, mtafsirieni baba yenu hadithi jioni kwa Kiiraqw, na msikilize atakavyoikosoa. Walimu wakuu wa Mbulu na Hanang nawaomba wasikivue kitabu cha katuni mikononi mwa mtoto kabla hawajakifungua wenyewe. Na wachapishaji wetu, ambao kila mwaka hulalamika kwamba Watanzania hawasomi, nawauliza ni lini mara ya mwisho walipompa mtoto wa Haydom kitabu chenye picha ya mtu anayefanana na mjomba wake akifanya jambo kubwa.

Mwanafunzi wangu aliniambia anajua kuchora kidogo. Nimemwambia asome kwanza. Kisha aende Mbulu, awatafute wazee wanaoikumbuka Oktoba ya 1968, na aanze na goti.