Staa Kapiga Picha na Rili ya Dhahabu, Nyie Mnakimbilia Kununua? Tulieni Kwanza



Nadhani ile picha wote mliiona. Staa wetu mmoja wa Bongo Fleva, jina naliweka mfukoni maana anajijua na mashabiki wake wana hasira za karibu, yuko juu ya boti, miwani nyeusi, cheni shingoni, kashika fimbo ya kuvulia yenye rili ya rangi ya dhahabu inayong'aa kama saa ya harusi. Komenti ni moto na makopa tu, na watu kibao wanauliza "bro, hiyo rili umeitoa wapi?" Hazijapita siku tatu, muuzaji mmoja wa mtandaoni kaposti rili kama hiyo hiyo: laki mbili na themanini, njoo inboksi, zimebaki chache.

Sasa naomba niseme, na msinielewe vibaya. Ile rili sio ya baharini.

Ile ni beitikasta, ile bapa inayokaa juu ya fimbo na kufunikwa na kiganja. Zipo za aina hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari, sikatai, ila zinaandikwa hivyo kwenye boksi. Mimi nimeikuza picha ya muuzaji mpaka macho yakaniuma, na boksi linasema wazi kwamba ni ya maji baridi. Yaani ziwani na mtoni, samaki wa kilo mbili tatu. Wewe unataka kwenda nayo Kigamboni ukutane na kolekole? Yule samaki akikua anapita kilo 40, na akishaumwa na ndoana haji kwako, anakimbilia kwenye mwamba.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "wivu tu huo". Poa. Subiri nikupe stori kwanza.

Nina mshkaji wangu, tumemaliza wote kidato cha nne, kijana mpambanaji. Mwaka juzi akaona watu wa mjini wanapenda kutoka wikiendi, wapige picha, wavue, wachome samaki. Akasema hii ni dili. Mama yake akamtolea laki sita za kikoba. Boti akakodi ya mtu, akanunua fimbo nne na rili nne, kachagua kwa macho: nyekundu, bluu, zinapendeza kwenye stori. Rili za spining ndogo, namba 3000, za maji baridi. Mwezi wa kwanza maisha matamu. Mwezi wa pili ukizungusha mkono unasikia kama kuna mchanga ndani. Mwezi wa tatu kaja mteja na wenzake, kalipa vizuri, samaki mkubwa kauma, breki ikakwama. Haikuachia mshipi hata kidogo. Mshipi ukakatika kama uzi wa cherehani, na samaki akaenda zake. Mteja kadai hela yake mbele ya wenzake, na ile video ya aibu wakaiweka mtandaoni wao wenyewe. Mama hakurudishiwa laki sita zake mpaka leo navyoandika.

Ndio maana hii mada kwangu sio ya kuchekesha sana.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba chumvi haiharibu rili siku unayovua. Inaiharibu ukiwa umelala. Maji yanakauka, chumvi inabaki kwenye beringi na kwenye sahani za breki, inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Dar mnaijua yenyewe. Pale chuma na alumini vinapogusana, chumvi ikiwepo, alumini inaanza kulika taratibu, unaona unga mweupe pembeni ya skrubu. Ukija kushtuka, skrubu haifunguki tena hata kwa fundi. Kwa hiyo swali la kwanza dukani sio "ina rangi gani". Uliza: maji yanaingia wapi? Rili ya bahari ya ukweli ina mipira ya kuzuia maji kwenye mwili na hasa kwenye breki. Kama muuzaji hawezi kukujibu hilo, hauziwi rili pale, unauziwa pambo.

Af kuna huu uongo wa beringi. Utaona tangazo "13+1!" na watu wanachanganyikiwa. Beringi nyingi za bei chee ni kutu nyingi tu. Bora tano zilizokingwa vizuri kuliko kumi na nne za kuhesabu. Namba hiyo inawekwa kubwa kwenye boksi kwa sababu ni rahisi kuiweka, basi.

Haya, ununue ipi? Mimi msimamo wangu ni huu, na atakayebisha abishe: kijana wa kawaida wa Dar, Tanga au Mombasa, anayevua akiwa kasimama ufukweni, kwenye miamba au kwenye boti ndogo, anunue spining. Zile zinazoning'inia chini ya fimbo, bobini imetulia na waya unaufunga mshipi kwa kuzunguka. Ni rahisi kujifunza, unarusha mbali hata kwa chambo chepesi, na ukikosea mshipi haujisokoti vibaya sana. Namba iwe kati ya 4000 na 6000. Kwa changu na samaki wa ukingoni 4000 inatosha, ukitaka kumjaribu kolekole wa wastani au nguru anayesogea karibu, panda 6000. Ila namba za kampuni moja sio lazima zilingane na za nyingine, kwa hiyo soma pia inabeba mita ngapi za mshipi wa unene gani. Mita 200 na kitu ndipo pa kuanzia. Chini ya hapo nguru anakumalizia mshipi wote unaangalia.

Zile kubwa za ngoma, ambazo bobini yenyewe ndiyo inazunguka na zinakaa juu ya fimbo, hizo ni za watu wa boti wanaokokota chambo nyuma kutafuta jodari na sulisuli huko mkondo wa Pemba au Watamu. Zina nguvu, zinabeba mshipi mwingi, na zinadumu: Penn walianza kuuza Senator miaka ya 1930, na mpaka leo za zamani bado zinavua. Lakini ukijaribu kurushia chambo ufukweni bila mazoezi, bobini inakimbia kuliko chambo na utakaa nusu saa unafungua mafundo huku wenzako wanakucheka. Kama huna boti na hutarajii kuwa nayo, achana nayo.

Kuhusu mwili wa rili, wapo wanaosema chukua plastiki ngumu kwa sababu haishiki kutu. Kweli haishiki. Ila samaki akivuta sana inapinda kidogo, gia zinakosana, zinaanza kusagana. Mimi bora chuma chepesi niitunze.

Na breki jamani. Hapa ndipo samaki anapatikana au anapotea. Matangazo yanasema "kilo 25 za breki!" wakati mshipi wako unakatika kwa kilo 15. Utazitumia wapi? Breki inafungwa kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo mshipi wa kilo 15 unaweka kilo nne au tano. La muhimu iachie taratibu bila kushtuka. Pale dukani funga kidogo, vuta mshipi kwa mkono. Ukisikia inakwama, inaachia, inakwama, irudishe kabatini kwake. Hiyo ndiyo iliyommaliza mshkaji wangu.

Juzi nilikuwa ufukweni na babu mmoja anayevua pale miaka yote. Mshipi wake kauzungushia chupa ya maji. Nikamsalimia shikamoo, nikamwonyesha picha ya staa kwenye simu. Akaiangalia wee, akaniuliza, "Marahaba mjukuu wangu. Sasa samaki yuko wapi?" Nikarudi kuiangalia tena. Kweli, kwenye picha zote kumi hamna hata dagaa.

Sisemi mrudi kwenye chupa. Chupa haikufikishi pale mawimbi yanapovunjika, na nguru mkubwa atakukata vidole. Ninachosema, babu anajua anavua nini, wapi, na kwa nguvu gani, kisha ndio kachagua kifaa. Sisi tunaanza na kifaa cha mtu mwingine, tena mtu ambaye boti kakodishiwa kwa ajili ya picha.

Bei? Zipo za zaidi ya dola 1,000, Shimano Stella za baharini ziko huko, wala usijitese. Kama una hiyo laki mbili na themanini ya muuzaji wetu, tafuta spining ya daraja la kati ya kampuni inayojulikana, yenye breki iliyofungwa, hata kama ni ya rangi nyeusi ya kuchosha. Ukikuta iliyotumika, zungusha mkono taratibu, isikilize, angalia ule unga mweupe. Af bakiza hela ya mshipi mzuri.

Ukitoka baharini, siku hiyo hiyo, sio kesho: kaza breki, mwagia maji baridi kidogo kidogo kama mvua ya manyunyu. Usiizamishe kwenye ndoo na usipige mpira wa presha, utaisukuma chumvi ndani. Futa, anika kivulini, kisha legeza breki ndio uihifadhi. Dakika tano. Mshkaji wangu hakuambiwa na mtu, na muuzaji hakuwa na sababu ya kumwambia, maana ikifa atanunua nyingine.

Na wewe staa wetu, najua huwa unapita humu kimya kimya. Kwenye picha ya pili, karibu na mkono wa rili yako, kuna madoa meupe. Sio dizaini kaka. Ni chumvi hiyo, isuuze leo.