Mtoto Aliye Njia Panda Aandikiwe Masomo Gani?



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Pili yanapotoka, ofisi yetu hupata wageni wasiokuja kwa ajili ya karafuu. Huja baba, au mama, au kaka mkubwa, na mkononi ana karatasi ya skuli ya kujaza masomo, na swali lao ni lile lile: "Katibu, mtoto yuko baina ya kazi mbili, hajui ashike ipi. Tumwandikie masomo gani?" Huenda mtu akasema kwamba sisi ni chama cha wakulima wala si ofisi ya elimu, basi jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana. Fedha nyingi za karafuu huishia katika elimu ya watoto wetu, na mkulima asiyeuliza fedha yake yakwenda wapi hana tofauti na kibarua katika shamba lake mwenyewe.

Kwanza nataka kuwatetea watoto. Mtoto wa miaka kumi na tano asiyejua kama atakuwa tabibu au bwana shamba hana maradhi wala hana uvivu. Wazee wetu humtolea methali ya fisi na njia mbili, au humwambia mshika mawili moja humponyoka, na mtoto hunyamaza, kisha hushika lolote ili aondokane na makelele. Methali hizo ni za kweli, lakini hapa hazitumiki mahali pake. Fisi alipasuka kwa sababu njia zilikuwa zimekwisha kuachana naye akataka kuzipita zote pamoja. Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Tatu yuko nyuma ya pale. Mara nyingi njia zake mbili bado ni njia moja. Linalompasa si kuchagua kazi usiku huu. Linalompasa ni kujua njia zinaachana wapi, na asiiache iliyo moja kabla ya wakati wake.

Nitatoa mfano. Mwanachama wetu mmoja wa upande wa kusini ya Pemba ana binti ambaye moyo wake umegawanyika baina ya udaktari wa watu na utaalamu wa kilimo. Ni mtoto mwenye akili nzuri, lakini Fizikia anaiona nzito, na skulini kwao mwalimu wa Fizikia huja na kuondoka. Baba yake alikuwa tayari kumruhusu aiache, kwa hoja kwamba kilimo hakihitaji Fizikia, na udaktari ni mbali. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kwamba Fizikia na Kemia ni lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na baada ya hapo ni hiari. Hapo ndipo pa hatari. Neno "hiari" lina sura ya upole, na wengi wetu hulichukua kwa maana ya "si kitu".

Basi tuanze mwisho, turudi nyuma. Anayetaka kusomea udaktari katika chuo kikuu hapa nchini hutakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika Kidato cha Sita, yote matatu, hapana badala. Hayo ndiyo masomo ambayo wanafunzi huyaita PCB. Na anayetaka shahada ya kilimo, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro au katika skuli ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kule Kizimbani, hutazamwa khasa Kemia na Baiolojia. Kwa hivyo binti aliyesoma PCB anaweza kubisha hodi nyumba zote mbili. Aliyesoma Kemia, Baiolojia na Kilimo atapokewa vizuri katika kilimo, lakini mlango wa udaktari umefungwa, na haukufungwa na mtu bali na kalamu yake mwenyewe. Na aliyeiacha Fizikia Kidato cha Tatu hawezi kuichukua tena Kidato cha Tano. Mlango wa kilimo una funguo nyingi. Wa udaktari una mmoja.

Ndiyo maana nilimshauri yule mzee kwamba binti asiiache Fizikia sasa. Akifika Kidato cha Sita huku bado anataka kilimo, hakupoteza kitu. Somo la Kilimo lenyewe atalisoma chuoni, tena amezaliwa chini ya mikarafuu. Anajua mche unavyokufa kwa jua na majani yanavyonyauka kabla mti haujafa ghafla, mambo ambayo wengine huyasoma kwa picha. Kanuni ninayoifuata ni hii: mtu akiwa na mashaka, ashike lile somo ambalo akiliacha hawezi kulirudia, na aache lile analoweza kulipata baadaye kwa njia nyingine.

Wako wengine ambao mashaka yao ni baina ya shamba na biashara. Kwao fundo ni Hisabati. Mwenye Uchumi, Jiografia na Hisabati anaweza kuelekea uhasibu, au biashara, au uchumi wa kilimo. Sina ugomvi na Historia wala lugha, wanasheria wetu wengi walitokea huko. Lakini mtoto anayesema "nitakuwa mhasibu au mtaalamu wa masoko ya viungo," kisha akakimbia Hisabati, anajidanganya. Hisabati haiachwi kwenye karatasi, kwani ni lazima mpaka Kidato cha Nne. Huachwa moyoni. Mtoto hukaa darasani miaka miwili kama abiria. Na sisi nyumbani twaweza kumsaidia zaidi kuliko tunavyodhani. Mkulima yeyote ajua kwamba karafuu mbichi ikikauka hupoteza kiasi cha thuluthi mbili za uzito wake, kilo tatu zikawa kama kilo moja. Mpe mtoto hesabu ya msimu mzima: kilo zilizochumwa, malipo ya wachumaji, majamvi, usafiri, na bei ya kituoni. Akikuambia faida ilikuwa ngapi, na akakuonyesha na mahali ulipopunjwa, amesoma Hisabati.

Kemia nayo nataka kuisemea neno, maana husemwa vibaya kuliko inavyostahili. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta katika makonyo, kile tulichokuwa tukikidharau. Ndani ya mafuta ya karafuu kilichomo kwa wingi ni yujenoli, ambayo ndiyo harufu tunayoijua, na ndiyo dawa ambayo waganga wa meno huchanganya na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda. Basi katika tone moja la mafuta yetu wamekutana mkulima, mwenye kiwanda na mganga wa meno, na anayewaelewa wote watatu ni aliyesoma Kemia. Kwa mtoto aliye baina ya afya na kilimo sijui somo lililo bora kuliko hilo.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba kila mtoto asukumwe kwenye sayansi. Mlango uliofunguliwa kwa alama mbaya haukufunguliwa. Vyuo havitazami jina la masomo tu, hutazama umepata nini, na kwa udaktari wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Mtoto aliyejitahidi miaka miwili kwa nia njema, na Fizikia bado inamwangusha mtihani baada ya mtihani, asifungwe kamba kwa ajili ya sifa ya baba barazani. Huyo aulizwe tena, na akiwa bora katika Jiografia na Uchumi, aende huko kwa heshima zote. Nimewaona wazazi wanaotaka mtoto daktari kwa sababu jirani ana mtoto daktari. Hiyo si sababu.

Tena iko njia ya stashahada, ambayo wengi hawaihesabu. Kwa utabibu huangaliwa Kidato cha Nne: ufaulu wa masomo manne, ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hapa nawaomba wazazi wanisikilize vizuri. Masomo hayo manne hutakiwa yawe yasiyo ya dini. Watoto wetu wengi hufaulu vizuri Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mimi niliyekaa chuoni mpaka nikahitimu msahafu nafurahi kwa hilo. Lakini mtoto akiwa na ufaulu wa masomo matatu na wa nne ukawa ni Dini, kwenye fomu ile anahesabiwa matatu. Ni uchungu mtu kuyajua hayo siku ya kuomba nafasi. Na wale wanaosema wataswali istikhara kisha wajaze, ni vyema, ila tulifundishwa chuoni kwamba mtu huanza kwa kushauriana na wajuao.

Hoja nyingine ninayoisikia ni ya soko. "Kazi fulani ina fedha siku hizi, basi asome hiyo." Sisi wakulima wa karafuu tungekuwa watu wa mwisho kusema hivyo. Zamani Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa sababu ya sigara zao za karafuu. Wakapanda mikarafuu yao, na kufika miaka ya 1980 walikuwa wakijitosheleza, na bei ikatuporomokea sisi. Na kabla ya hapo, mwaka 1872, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa wingi, na tangu siku hizo karafuu ikawa ni Pemba. Nani aliyeyapanga hayo? Hesabuni miaka: aliyeingia Kidato cha Tatu ana miaka miwili mpaka Kidato cha Nne, miwili mpaka cha Sita, mitano ya udaktari, na mmoja wa mazoezi hospitalini. Jumla ni miaka kumi. Mche wa mkarafuu uliopandwa siku ile anajaza karatasi utakuwa umeshaanza kuchumwa kabla yeye hajawa daktari kamili. Wa kilimo hutumia kiasi cha miaka saba. Kumchagulia mtoto masomo kwa bei ya leo ni sawa na kupanda mche kwa kutazama bei ya wiki hii.

Siku hizi mambo yamezidi kuwa mengi. Mwaka 2024 tahasusi za Kidato cha Tano ziliongezwa, zikafika 65, na mitaala yenyewe inabadilishwa. Ni jambo la kheri kwa mtoto mwenye kipaji chake, lakini lina mtego: tahasusi yaweza kuwa na jina zuri, kumbe ile kazi mtoto anayoitaka haiikubali. Basi usiulize "tahasusi hii ni nzuri?" Uliza "chuo ninachokitaka kinaipokea?" Jibu limeandikwa. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo kila mwaka wenye sifa za kila shahada, na kwa vyuo vya stashahada uko mwongozo wao. Ukurasa mmoja wa mwongozo una faida kuliko mabaraza kumi.

Limebaki jambo ambalo najua halitapendeza, lakini nitalisema. Haya yote ya kuchagua ni maneno matupu ikiwa mtoto hayupo darasani. Msimu wetu mkubwa mara nyingi hufika miezi ya mwisho ya mwaka, na mitihani ya Kidato cha Pili na cha Nne huangukia miezi hiyo hiyo. Mwaka wa mavuno makubwa wachumaji ni haba, karafuu zinataka kufunguka juu ya mti, na mkono wa kwanza tunaoufikiria ni wa mtoto wa nyumbani. Nayajua mashaka hayo. Karafuu iliyochanua imepoteza thamani, haingoji. Lakini mwanafunzi wa sayansi aliyekosa wiki tatu za mwisho amekosa majaribio ya maabara, na hayo hayasomwi usiku kwa taa. Kisha tunasema Fizikia imemshinda. Maoni yangu ni kwamba wanachama wa kijiji kimoja wapatane kabla ya msimu: watoto wa vidato vya mitihani wasichume wala kuchambua siku za skuli, na nyumba zenye watoto hao zisaidiwe kwa zamu, kama tulivyokuwa tukisaidiana katika kulima. Jambo hili naliomba liwekwe katika ajenda ya mkutano wetu ujao, tulipige kura, ili isiwe kila mzazi anapigana na nafsi yake peke yake.

Ama yule binti wa kusini, amejaza Fizikia. Baba yake ameniambia kwamba wazazi wanne wa pale kijijini wamechangishana kumlipa kijana aliyemaliza Kidato cha Sita awafundishe watoto wao siku za Ijumaa jioni na Jumapili. Bado hajasema kama atakuwa daktari au bwana shamba, wala hakuna anayemuuliza.

Miongozo miwili niliyoitaja imechapishwa na iko ofisini juu ya meza, si ya kuondoka nayo. Atakayetaka kuitazama aje asubuhi, kwani mchana huwa tuko mashambani, na aje na mtoto mwenyewe, wala asije na karatasi peke yake.

Katibu wa Chama