Uhaba wa kwenye gemu una huruma, wa kambini hauna

Katika Resident Evil 2, ile ambayo kampuni ya Capcom ya Japani iliiunda upya mwaka 2019, risasi ni mali. Leon Kennedy, askari aliyeajiriwa juzi tu, anaingia kituo cha polisi kilichojaa wafu wanaotembea, akiwa na bastola na mkoba wenye nafasi nane. Ufunguo unakula nafasi, majani ya dawa yanakula nafasi, na mfu mmoja anaweza kumeza risasi nne au tano za kichwa kisha akanyanyuka tena. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hafyatui ovyo. Anampiga mfu mguu, anamwacha akigaagaa sakafuni na kupita zake. Akikuta lile dubwana lisilo na macho kwenye korido, ananyata, kwa sababu linawinda kwa kusikia, na kunyata hakugharimu hata risasi moja. Majani ya kijani anayahifadhi mpaka apate mekundu ya kuchanganya nayo, maana yakiwa pamoja yanamrudishia afya yote.

Mashabiki wa gemu za namna hii, Kampala kama kwingineko, hupenda kusema kwamba zinafundisha maisha: kubana matumizi, kuweka akiba, kufikiri kabla ya kutenda. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Gemu inayomlipa anayejizuia kufyatua ina akili kuliko ile inayomwaga risasi kama mvua ya masika. Nusu ya pili ndiyo inayonitia shaka, kwa sababu uhaba wa kwenye gemu umepimwa. Kuna mtu aliyekaa mezani akahesabu masanduku, droo na kabati, akahakikisha kwamba mwenye uangalifu atafika mwisho. Katika Resident Evil 4, iliyotoka mwaka 2005 na kuundwa upya mwaka 2023, mkono wa mpimaji huyo unakwenda mbali zaidi: programu inaangalia umepungukiwa na nini, na adui anayeanguka huenda akakuachia kitu hicho hicho. Mchezaji anadhani ana bahati, kumbe amehurumiwa. Ukiishiwa kabisa katika mazingira hayo, mara nyingi umejiponza mwenyewe.

Sasa tuuweke uhaba huo kando ya ule tulio nao. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Julai 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi hao katika makundi matatu. Walio hoi zaidi walibakiziwa asilimia 60 ya posho ya chakula, waliofuata asilimia 30, na waliohesabiwa kuwa wanajimudu wakaondolewa kabisa. Mama aliyetunza unga wake kwa kibaba na mama aliyeumaliza mapema walipunguziwa kwa kalamu ile ile. Hakuna droo iliyofichwa nyuma ya ukuta kwa ajili ya mwerevu. Anayezoea kuamini kwamba kila uhaba ni mtihani wa busara atamtazama maskini na kumwona mchezaji mbaya, na huo ni ukatili hata ukitamkwa kwa upole.

Aliyeliona hili vizuri kuliko studio kubwa ni Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu kumnunulia kompyuta ya mkononi ya dola 300, na Mayen alikuwa akitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichajia. Kwa kompyuta hiyo alijifunza kuunda gemu. Baadaye alianzisha Junub Games huko Washington, na mwaka 2018 akatunukiwa katika tuzo za gemu za dunia, The Game Awards. Katika gemu yake, Salaam, mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia risasi za wengine na yeye mwenyewe hana hata moja. Anachohesabu ni maji, chakula na dawa. Nguvu zikimwishia, mpango wa Mayen ni kwamba mchezaji anunue mahitaji hayo kwa pesa halisi, na pesa hizo zimfikie mkimbizi aliye kambini.

Atatokea wa kusema kwamba huo ni ujanja ule ule wa gemu za simu zinazokamua vijana shilingi baada ya shilingi. Tofauti ni pesa zinaishia wapi, na mchezaji ana haki ya kudai hesabu yake. Mzazi naye atasema gemu za kutisha ni damu tupu. Hajakosea, zimewekewa alama ya watu wazima na mtoto asiachiwe, lakini hesabu ya mkoba inaweza kuchezwa bila tone la damu, kama Mayen alivyoonyesha. Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya kuunda gemu kama hizo hapa kwetu ni la soko. Katika kumbi za gemu za Kampala mpira ndio mfalme, watu wanalipia mechi, na hadithi ya saa nane haiuziki kwa mechi. Ni kweli. Lakini simu haina mechi, na Kola Studios ya hapa Kampala ilishaingiza karata zetu za Matatu kwenye simu zikapata wachezaji.

Tukiwaachia wageni watuundie gemu, tunajua tutakachopata. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 iliwekwa katika mji wa kubuni wa Afrika Magharibi, na wenyeji wake waliogeuzwa mazimwi wanapiga kelele kwa Kiswahili! Waundaji wa Kampala, chukueni hesabu ya mkoba muiache bastola. Tuundieni gemu ya muuguzi wa kituo cha afya anayesubiri shehena ya dawa huku foleni ikirefuka mlangoni, na msimfichie dawa yoyote kwenye droo.