Ng'ombe wa Gorogoro
Mnunulie mtoto ng'ombe wa plastiki anayelia kwa betri: atambonyeza mpaka betri iishe, kisha amtupe uvunguni. Sasa mpe mkebe kuukuu wa gorogoro, uzi wa katani na kitambaa kilicholowa maji. Mtobolee kitako kwa msumari, kisha apitishe uzi, aufunge kwenye kijiti upande wa nje usichomoke, halafu aubane kwa kitambaa na kukivuta kidogo kidogo kwa nguvu. Kitambaa hunasa na kuteleza, uzi hutetema, kitako hutetema nao, na ng'ombe analia! Kikombe kidogo cha plastiki kitatoa sauti ya kuku anayetetea, na mtoto ataanza kuuliza kwa nini. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini Kenya mwaka 2019, ulinuia mtoto ajifunze hivi, kwa kutenda. Lakini katika nyumba nyingi mtoto akipewa kazi kama hii na shule, yeye hulala, mzazi akabaki akikata na kugundisha hadi usiku wa manane, asubuhi mwalimu akasahihisha kazi ya mtu mzima. Wazazi wenzangu, tumsaidie mtoto kutoboa tu, maana msumari ni hatari. Mengine tumwachie mwenyewe, hata akimbandika ng'ombe pembe zikakaa upande.